Neno Lina Mwenyewe

Waandaaji wa semina yenu ya waamuzi waliniomba nije niseme maneno mawili matatu, kwa kuwa sasa nimestaafu na sina pa kwenda. Nimekataa, maana nawajua wazee wakipewa kipaza sauti. Nimeandika badala yake. Karatasi mkiichoka mnaiweka chini, lakini mzee hamuwezi kumuweka chini.

Sitasema nilipanda daraja lini wala nilichezesha mechi gani kubwa. Hayo wapo watakaowasimulia, na watazidisha. Nitaandika ya miaka ya tisini tu, Mpanda ilipokuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, treni ya Tabora ikiwa ndiyo saa ya mji, na mimi karani wa mizigo pale stesheni. Ukarani ndio ulionilisha. Uamuzi ndio niliokuwa nikiuwaza wakati napima magunia ya watu.

Kwenye uamuzi niliingia kwa mlango wa nyuma, kama wengi wetu. Nilikuwa winga wa kulia, si mbaya sana, hadi siku goti liliponigeuka kwenye uwanja uliokuwa na mashimo mengi kuliko nyasi. Tabibu akaniambia nichague kati ya mpira na kutembea. Nikachagua kutembea, halafu nikanuna mwaka mzima. Watu hudhani mchezaji anapenda goli. Goli hupendwa na watazamaji. Mchezaji anapenda kitu kingine ambacho ni vigumu kumweleza asiyecheza: ule mpigo mmoja ambapo mguu unaupata mpira katikati kabisa, na husikii kitu. Ukiupiga vibaya unasikia, kidole kinavimba, unyayo unawaka moto. Ukiupiga sawasawa husikii kitu, unauona tu mpira unakwenda. Mimi nililikosa hilo kuliko nilivyolikosa goti.

Aliyenitoa kwenye kununa ni Mzee Lusambo, mwenye bucha sokoni, aliyekuwa refa tangu mimi nikiwa nacheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na kamba. Mzee huyu hakuwa na mwili mkubwa, lakini hakuna mchezaji aliyembishia. Wote walijua kesho yake watamkuta nyuma ya meza ameshika kisu. Siku moja nilikwenda kununua nusu kilo, akanitazama ninavyochechemea, akaniuliza, "Goti linakimbia kidogo au halikimbii kabisa?" Nikasema linakimbia kidogo. Akasema, "Refa hahitaji zaidi ya hapo. Njoo Jumamosi."

Alinifundishia palepale buchani, kati ya mteja na mteja. Kipyenga alinipa cha kwake cha zamani, chenye punje ndani iliyoshika kutu, kiasi kwamba ukipuliza pole pole hakilii kabisa. Alisema ndivyo kinavyofaa, kinamlazimisha refa aamue kwanza ndipo apulize. Kadi tulikata kwenye maboksi, ya njano kwenye boksi la sabuni na nyekundu kwenye boksi la majani ya chai. Mistari ya uwanja tulichora kwa majivu, na upepo ukija kabla ya mechi tunachora upya. Nyie leo mnalalamika mkikosa soksi.

Fundisho lake moja ndilo nililobaki nalo. Alikuwa anakata mbavu. "Ukisikia mtu amepiga kelele uwanjani," alisema, "usihangaike na alichosema. Uwanjani kila mtu anasema. Tazama anamtazama nani. Neno lina mwenyewe." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa, nikachukua nyama yangu nikaenda.

Mechi yangu ya kwanza nilichezesha Sibwesa. Nilikuwa nimezikariri sheria hadi nukta, na nilitarajia matatizo ya kuotea. Lililokuja ni kundi la ng'ombe. Wafugaji wa Kisukuma walikuwa wameanza kuhamia pande zile, na njia ya kwenda mtoni ilipita katikati ya uwanja, au uwanja ulikuwa umewekwa katikati ya njia, inategemea unamuuliza nani. Straika wa wenyeji akapiga shuti, mpira ukamgonga ng'ombe mmoja ubavuni, ukaingia golini. Nusu ya kijiji ikashangilia. Kitabu kinasema mpira ukiguswa na kitu cha nje mchezo unasimama, refa anadondosha mpira. Nikapuliza. Nahodha wa wenyeji akanijia akasema yule ng'ombe si kitu cha nje, ni wa hapahapa. Kabla sijamjibu, mwenye ng'ombe naye akafika, mzee mrefu mwenye fimbo, amekasirika kweli.

"Lefa, mpila wenu umempiga ng'ombe wangu, na ana mimba. Huyu aliyepiga hapewi kadi?"

Nikamwambia hapewi. Akatikisa kichwa akaondoka, na nadhani hadi leo anaamini sheria za mpira zilitungwa na watu wasiofuga. Nikadondosha mpira, tukaendelea, wenyeji wakafungwa. Nilirudi Mpanda juu ya lori la mahindi nikiwa na furaha ambayo sikuielewa, maana siku nzima nilitukanwa.

Halafu ikaja ile sheria ya kipa kutodaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Ilifika Mpanda kwa treni, ikiwa imechelewa kama treni yenyewe. Ikola ilikuwa haijafika kabisa. Nilikwenda kuchezesha huko, uwanja upo pembeni mwa ziwa, nyuma ya goli moja wanaanika dagaa mchangani. Beki karudisha, kipa kadaka, nikapuliza. Kipa akanishangaa.

"Refa, sheria hiyo umeitunga njiani?"

Nikamweleza. Mama mmoja akaingia uwanjani na ungo wake mkononi. Muda wote alikuwa ameketi nyuma ya lile goli, na kabla ya mechi alinihakikishia kwamba hapendi mpira, amekuja kulinda dagaa zake tu zisikanyagwe. Akasimama mbele yangu. "Baba, kwani Mungu kampa mikono ya nini?" Ilibidi nahodha amuombe atoke. Mwisho wa mechi nilimwona amesimama, kanga imemwanguka begani, anamfundisha kipa pa kusimama kwenye kona, na kunguru wanazila dagaa. Sikumwambia. Kama mngeniuliza watu hufuata nini kwenye mpira, ningewatajia yule mama na kuishia hapo.

Lakini najua semina hutaka kesi ngumu, na kesi yangu ngumu ni ya Mishamo.

Mishamo yalikuwa makazi ya wakimbizi wa Kirundi, watu waliolima mahindi na maharage hadi wakawa wanawalisha waliowakaribisha. Uwanja wao ndio uliokuwa bora kuliko yote niliyochezesha miaka ile. Walichora mistari iliyonyooka, walifagia, na watazamaji walikaa chini kwa utaratibu, wamelaza baiskeli nyuma yao, wakiimba. Nahodha alikuwa Melkiori, kijana aliyefika Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, kwa hiyo Burundi aliijua kwa kusimuliwa. Alicheza namba tisa. Hakuwa na mbio, lakini alijua kusimama mahali, na mpira ulimfuata.

Baada ya mechi moja kule kwao tulikaa tunakula mihogo ya kuchemsha, nikamuuliza kwa nini hachoki, maana nilijua asubuhi alikuwa shambani. Akacheka.

"Nyie marefa mnauona mpira kuwa mchezo. Kwangu mimi mpira ni barabara."

Mkimbizi hakutoka makazini bila kibali, mnapaswa kulijua hilo. "Kibali cha kuumwa sikitaki," Melkiori alisema. "Kibali cha msiba sikitaki. Cha mpira ndicho naomba. Naingia mjini natembea, watu wananiita kwa namba ya mgongoni. Hakuna anayeniuliza nimetoka wapi."

Mwaka mmoja, katikati ya ile miaka, Mishamo walifika fainali ya kombe la wilaya, dhidi ya timu ya sokoni Mpanda mjini. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamepigana kwenye nusu fainali, kwa hiyo kamati ya kombe ikatangaza kwa kipaza sauti kabla ya mechi: vurugu ikitokea, timu za mbali hazitaalikwa tena, kila mmoja atacheza kwao. Walisema timu za mbali. Kila mtu alijua ni Mishamo. Melkiori alikuwa amesimama karibu yangu tangazo likisomwa. Alikuwa akifunga kamba za kiatu, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena.

Sokoni walikuwa na ngome ya watu wawili walioelewana. Kipa aliitwa Shija, beki wake wa kati Masanja, wote Wasukuma, wote wabeba magunia ya mchele. Mpira wa juu ukija, Shija akitaka kuutokea alipiga kelele "Leka!", yaani acha, na Masanja aliacha bila kugeuka. Mji mzima uliijua ile "leka". Watoto waliicheza kwenye chandimu. Mzee Lusambo, ambaye bucha lake lilikuwa hatua chache kutoka kwenye ghala la mchele, alikuwa amekaa mstari wa mbele na kofia mpya.

Mechi ilikuwa ngumu na, niseme ukweli, mbaya. Watu walikuwa wanacheza na lile tangazo. Zilibaki dakika chache, bila kwa bila, ndipo mpira mrefu ulipotoka kushoto kwa Mishamo ukaelea mbele ya goli la sokoni. Melkiori alikuwa chini yake, anajiandaa kupiga kichwa. Masanja alikuwa nyuma ya Melkiori, mguu umeshapanda wa kuuondosha. Nyuma yao wote anakuja Nestori, winga wa Mishamo, anakimbia. Ikasikika sauti kubwa: "Reka!"

Melkiori akainama. Masanja naye akashusha mguu. Mpira ukapita juu ya mmoja na mbele ya mwingine, ukamkuta Nestori peke yake. Akafunga.

Kitu cha kwanza nilichokiona baada ya hapo ni Masanja anamgeukia kipa wake.

"Sasa umesema leka, mbona hujatokea?"

"Mimi? Mimi sijafungua mdomo!"

Wakatazamana. Halafu Masanja akamtazama Nestori, na akaelewa, au akadhani ameelewa, akanijia mbio. "Lefa! Wametudanganya! Huyu ameiga sauti ya kipa wetu!" Na watu wa pembeni walioisikia ile sauti wakalichukua neno hilo. Wamedanganya. Wakimbizi wamedanganya. Kamba iliyowazuia watazamaji upande wa soko ikalala chini, na watu wakaanza kuingia, wengine wana fimbo.

Sheria iko wazi kwamba mchezaji akimhadaa mpinzani kwa maneno ni kosa, goli linakataliwa, mhusika anapewa kadi. Ningelikataa goli, mji ungenibeba juu juu. Lakini ningekuwa pia nimetangaza kwa kipyenga kwamba watu wa Mishamo ni waongo, na fimbo zilikuwa zimeshaingia uwanjani zikisubiri tu mtu wa kuzipa ruhusa. Niliogopa. Mdomo ulikauka hadi nikadhani hata kipyenga hakitalia.

Ila nilikuwa nimeona. Wakati ule mtu anapiga kelele, shingo yangu iligeuka yenyewe, kwa mazoea ya buchani. Nestori alikuwa anamtazama Melkiori. Alimwonyesha kwa mkono kabisa. Na Melkiori aliinama kabla ya Masanja kushusha mguu. Neno lilikuwa limeshampata mwenyewe.

Nikawaita watatu katikati, Masanja, Nestori na Melkiori. Nikamuuliza Nestori alisema nini.

"Nilisema reka."

"Ni Kirundi hicho?"

"Ego, refa. Maana yake aache. Nilimwambia nahodha aniachie mimi."

Masanja akakunja uso. "Rudia."

"Reka."

"Leka?"

"Reka."

Warundi wa Mishamo huweka r pale ambapo Wasukuma huweka l, na kwenye kelele za umati hata mama mzazi asingezitofautisha. Nilimwona Masanja anawaza kwamba mtu aliyesafiri juu ya magunia kutoka makazini, ambaye yeye alikuwa hajawahi hata kumsalimia, anamwambia mwenzake aache kwa neno lilelile ambalo mama yake alikuwa akimwambia kule Shinyanga. Akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, alikuwa amefungwa. Kilikuwa cha mtu aliyekalia kiti cha kwake kikavunjika.

Nikaonyesha kati. Goli.

Umati ukanguruma, nikapigwa na gunzi la hindi kisogoni. Aliyelirusha simjui hadi leo, na bado namtafuta. Masanja ndiye aliyewaendea wale wa mbele, mikono imenyooka kama anazuia ng'ombe. "Rudini! Rudini nyuma nyie! Hakuna aliyedanganya mtu. Nimefungwa na Kisukuma changu mwenyewe!" Wengine hawakuelewa, akawaeleza. Aliyeelewa akamweleza wa nyuma yake. Kicheko kikatembea pole pole hadi kwenye miti ya mbali, na fimbo zikashuka, si zote kwa wakati mmoja. Mzee mmoja akapaza sauti kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, jambo ambalo husemwa zaidi na wasiocheza. Tukamaliza dakika zilizobaki. Mishamo wakapanda lori lao na kombe, na dereva hakusubiri hotuba.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Lusambo, nikitarajia sifa. Nilikuwa nimefanya alichonifundisha, neno kwa neno. Akanipimia mifupa. Wiki iliyofuata mifupa tena. Nikamuuliza, "Mzee, kwani nilikosea?" Akaendelea kunoa kisu.

"Hukukosea. Lile lilikuwa goli halali."

"Sasa mifupa ya nini?"

"Uamuzi nilikufundisha mimi," akasema. "Lakini timu ile ni ya sokoni."

Nilikasirika kiasi cha kutaka kula samaki maisha yangu yote. Baadaye niliona alikuwa amenifundisha la mwisho bila kukusudia. Mtu aliyepuliza kipyenga miaka yote ile, anayejua sheria kuliko kitabu, bado Jumapili moja anavaa kofia mpya na kutaka watu wake washinde, haki au si haki. Msimcheke mtazamaji. Hatukani kwa sababu hajui. Anatukana kwa sababu anapenda, na refa ndiye aliye karibu.

Kikao cha kamati sikuhudhuria, nilisimuliwa na mwenzangu mshika kibendera. Wengi walisema watu wameingia uwanjani, fimbo zimeonekana, tangazo lilikuwa wazi, Mishamo wasialikwe tena. Mzee Lusambo, mjumbe kwa niaba ya soko, aliwaacha wamalize. Kisha akauliza nani ameumia. Wakasema ni refa, kapigwa gunzi. Akasema, "Gunzi moja si vurugu. Hata kuku tunawarushia." Na jambo likaishia hapo. Ijumaa ile nikapimiwa nyama ya paja, nikalipa nikaenda.

Mwaka uliofuata lori la Mishamo likaingia tena mjini, kucheza na timu ya sokoni. Nilikuwa nimesimama kwenye majivu ya mstari, nawahesabu wanavyoshuka, na nilimtafuta Melkiori kwa macho kabla ya kuitafuta namba tisa. Namba tisa alikuwa mwingine. Melkiori alishuka mwisho, kwa kushikwa mkono. Alikuwa ameanguka na baiskeli na gunia la mahindi, goti likageuka. Walimwandikia kibali kama mtunza maji. Nilijua goti la namna ile linavyokuwa, na moyo uliniuma kwa ajili yake, ingawa refa hatakiwi kuwa na moyo kabla ya mechi.

Kipindi cha pili mpira ulitoka nje upande wao, ukabiringika hadi miguuni pake. Angeweza kuuokota kwa mkono, ndoo ya maji ilikuwa chini tayari. Akauacha ufike, akasimama kwa mguu mbovu, akaupiga kwa ule mwingine. Sijui kama kuna mpigo mzuri zaidi niliouona mwaka ule. Mpira ulinyooka hadi kifuani kwa Masanja, aliyekuwa anasubiri kurusha. Masanja akaudaka na kupaza sauti, "Leka!" Uwanja mzima ukacheka.

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Melkiori, nikamuuliza bila kugeuka, "Goti limeumaje?"

"Sikusikia kitu, refa," akasema.

Nikatazama saa, nikampungia Masanja mkono arushe.